“Sawa” haitoshi: Somo kutoka kwa mtoto anayeomba kutua

Jumamosi moja jioni dada yangu alinipigia simu. Hata salamu hatukumaliza.

“Mdogo wangu, wewe si ndiye mtu wa habari za afya? Njoo umwangalie mwanao. Anajifungia chumbani, anavaa hedifoni, anaongea peke yake. Tena Kiingereza cha ajabu. Mara Alfa, mara Bravo, mara nambari tupu. Nataka kuichukua hii kompyuta niiuze.”

Nilipanda daladala kwenda Ukonga. Wanaoishi upande ule wa Dar es Salaam wanajua: ndege inapokuja kutua Uwanja wa Julius Nyerere, mazungumzo yanasimama kwanza mpaka ipite. Mtoto wa dada, miaka 14, kidato cha pili, amekua chini ya mngurumo huo. Nilimkuta mbele ya kompyuta ya mezani aliyoachiwa na mjomba wake, kioo kikionyesha bahari ya bluu na mstari wa pwani kwa mbali.

“Shikamoo mama mdogo,” alisema bila kugeuka. “Samahani, nakaribia kutua. Naomba dakika kumi.”

Dada akaniangalia kama anayesema, umeona sasa?

Nikavuta stuli, nikakaa. Dakika zile kumi ndizo zilizonifanya niandike makala ya leo, kwa sababu najua wazazi wengi mnaoisoma mna mtoto wa aina hii nyumbani. Kama si wa ndege, basi wa kitu kingine ambacho hamjawahi kukaa naye mkakiangalia.

Alikuwa anafanya nini hasa?

Gemu lenyewe linaitwa Microsoft Flight Simulator. Yapo mengine ya aina hiyo, kama X-Plane. Hakuna adui wa kupiga risasi. Unachagua ndege, unachagua uwanja wa kuondokea na wa kufikia, kisha unairusha kwa kufuata taratibu zinazokaribia sana zile za marubani wa kweli. Jioni ile kijana alikuwa ametoka Zanzibar na Cessna ndogo ya injini moja. Kuja Dar es Salaam ni safari ya nusu saa hivi.

Kazi ngumu iko mwishoni. Kwenye uwanja wenye mnara hujitulii tu kama bodaboda anayepaki kijiweni. Lazima uite mnara wa kuongozea ndege, uombe, upewe maelekezo, uyarudie, halafu usubiri ruhusa.

Ndani ya gemu kuna mwongoza ndege wa mashine. Sentensi zinatokea kwenye kioo zikiwa na nambari, unabonyeza nambari ya unachotaka kusema, mashine inakujibu. Kijana alianza hivyo. Alipofika umri unaoruhusiwa akajiunga na VATSIM, mtandao wa watu wa kujitolea ulioanza mwaka 2001. Kule, anayekujibu ni mtu halisi aliyekaa mbele ya kompyuta yake mahali fulani duniani, amejifunza kazi ya kuongoza ndege na anaifanya kama burudani. Kujiunga ni bure, ila lazima uwe umetimiza miaka 13 na upite mtihani mdogo wa taratibu.

“Kwa hiyo anaongea na uwanja wa ndege wenyewe?” dada akauliza. “Si watakuja kumkamata huyu?”

Hapana. Sauti zile hazifiki kwenye ndege yoyote ya kweli wala kwenye mnara wa kweli. Kila kitu kinaishia ndani ya gemu. Nilimwona dada akishusha pumzi. Nadhani hofu hiyo alikuwa nayo kwa miezi kadhaa bila kuisema.

Nambari moja iliyogeuzwa

Mara nyingi mnara wa Dar es Salaam kwenye mtandao ule hauna mtu. Ikiwa hivyo, marubani wanatangaziana wenyewe walipo na wanachotaka kufanya. Jioni ile alikuwepo mtu, mwanamume mwenye lafudhi ya Ulaya. Maneno yote yalikuwa ya Kiingereza, nayaweka hapa kwa Kiswahili.

“Mnara wa Dar es Salaam, hapa Five Hotel Mike Alpha Juliet.”

Hilo ndilo jina la ndege yake. Usajili wa ndege za Tanzania huanza na 5H, Kenya 5Y, Uganda 5X. Kila herufi hutamkwa kwa neno lake ili B isisikike kama D kwenye redio inayokwaruza. H ni Hotel, M ni Mike, na kadhalika. Ndizo Alfa na Bravo zilizomtisha mama yake.

Mnara ukamwambia aendelee.

“Cessna 172 kutoka Zanzibar, maili kumi kaskazini ya uwanja, futi 2,000, naomba kutua.”

Angalia alivyopanga. Unamwita nani, wewe ni nani, uko wapi, unataka nini. Hakuna “samahani” wala “aah” wala “yaani”. Nikageuka kumwangalia dada mlangoni, naye akaniangalia. Huyu ni mtoto ambaye ukimtuma dukani kuuliza bei anarudi bila kuuliza.

Mnara ukajibu: aingie kwenye mzunguko wa kushoto, njia ya kurukia 05, shinikizo la hewa 1012. Kijana akarudia yote, lakini ulimi ukateleza. Badala ya 1012 akasema 1021.

“Sivyo,” sauti ikajibu, taratibu. “Shinikizo ni 1012. Moja, sifuri, moja, mbili.”

“Shinikizo 1012,” kijana akarudia, akarekebisha kipimo chake, safari ikaendelea.

Baadaye nilimuuliza ingekuwaje kama asingerudia. Akanieleza kwamba kipimo cha urefu kwenye ndege kinafanya kazi kwa shinikizo la hewa. Ukigeuza tarakimu hizo mbili tu, kipimo kitakuonyesha uko juu zaidi ya ulipo kwa zaidi ya futi 200, yaani zaidi ya mita 60. Mchana wa jua utaona ardhi kwa macho. Usiku wenye mawingu utaamini kipimo.

Ndiyo maana rubani hurudia mambo yale yanayoweza kuua yakikosewa: njia ya kurukia, shinikizo, urefu, uelekeo, na ruhusa yenyewe ya kutua. Upepo anaweza kuusikia tu bila kuurudia.

Kuna kitu kingine dada alikiona kabla yangu. “Yule mzungu hakumfokea,” aliniambia tukiwa jikoni. “Amekosea, amerekebishwa, yameisha.” Kisha akanyamaza kidogo, akageuza maandazi kwenye karai.

“Roja” maana yake si ndiyo

Wengi tumezoea kuwasikia walinzi wakisema “roja” kwenye redio koli kama vile ni “ndiyo”. Kijana alinisahihisha. Roja maana yake ni moja tu: nimeusikia ujumbe wako wote. Haisemi nimekubali, haisemi nitafanya, na haisemi nimeelewa nambari uliyonitajia. Ukipewa maelekezo ya kutua ukajibu “roja” peke yake, mnara utakudai uyarudie.

Nikafikiria neno letu “sawa”.

“Umesikia nilivyokwambia?” Sawa. “Ukitoka shule upitie kwa bibi.” Sawa. “Dawa hii atameza hivi na hivi.” Sawa. Neno moja linabeba nimesikia, nimeelewa, nimekubali, nitafanya, na pia niache nipumzike. Ni neno zuri la heshima, lakini halikuonyeshi kama ujumbe umefika.

Katika historia ya usafiri wa anga kuna siku ambayo neno la aina hiyo lilikuwa sehemu ya msiba. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kwenye kisiwa cha Tenerife, Hispania, kulikuwa na ukungu mzito na ndege kubwa mbili aina ya Boeing 747 zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia. Rubani msaidizi wa ndege ya KLM alitamka maneno yasiyoeleweka vizuri kama wanasubiri kuruka au wanaruka. Mwongoza ndege akajibu “OK”, halafu akaongeza kuwa wasubiri kwanza. Wakati uleule ndege ya pili, ya Pan Am, nayo ikaongea. Kwenye redio za aina ile wawili wakiongea kwa pamoja sauti zinagongana, na KLM hawakulisikia vizuri lile la kusubiri. “OK” waliisikia. Nahodha wao tayari alikuwa ameanza kuondoka bila ruhusa. Watu 583 walikufa.

Sababu zilikuwa nyingi, neno moja haliwezi kubeba lawama yote. Lakini baada ya ajali ile lugha ya redio ilikazwa. Maneno ya ruhusa yakawekewa mipaka, na kurudia maelekezo kukawa jambo la lazima. Watoto wetu wanacheza gemu lenye kanuni ambazo watu walizilipia kwa maisha yao.

Kwenye dirisha la dawa

Kazi yangu hunisimamisha mara kwa mara kwenye foleni za vituo vya afya. Siku moja nilikuwa nyuma ya mama mwenye mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa na malaria, ameandikiwa dawa mseto. Mtoa dawa alieleza haraka kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, akamaliza kwa kuuliza, “Sawa mama?” Mama akajibu, “Sawa.”

Nje nilimuuliza atampaje. “Asubuhi na jioni, siku tatu.” Si kosa kubwa, ila siku ya kwanza ilikuwa imempotea. Dawa mseto ya malaria ina dozi sita. Ya pili hufuata saa nane baada ya ya kwanza. Zinazobaki ndizo za asubuhi na jioni, siku ya pili na ya tatu. Mtoto aliyemeza dozi ya kwanza saa nne asubuhi, ya pili ni saa kumi na mbili jioni. Tena azimalize zote hata kama homa imeshuka siku ya pili, na ni vizuri ameze pamoja na chakula au maziwa.

Tulirudi dirishani, akaelezwa upya, safari hii akarudia kwa maneno yake. Ilichukua chini ya dakika moja.

Hospitalini utaratibu huu unajulikana. Muuguzi anayepewa agizo la dawa kwa simu anatakiwa kuliandika na kulisoma tena kwa aliyelitoa. Na wewe mzazi una haki ileile upande wako wa dirisha. Sema: “Ngoja nirudie nione kama nimeelewa.” Taja jina la dawa, kiasi, saa, siku ngapi. Ukikosea utarekebishwa. Hakuna mtoa dawa wa maana atakayekuona mjinga, na kama yupo, bora yeye akuone mjinga kuliko mtoto akose dozi.

“Niko sawa”

Sasa nikwambie kwa nini dada alikuwa na hofu kuliko mama mwingine yeyote mwenye mtoto wa gemu.

Kijana ana pumu. Mwaka jana kifua kilimbana tangu asubuhi akiwa shuleni. Mwalimu alimuuliza, akajibu niko sawa. Alirudi nyumbani, mama akamuuliza, niko sawa. Usiku hakuweza kulala chali, akakaa kitandani ameegemea ukuta, hakumwamsha mtu. Alfajiri mama alipoingia alimkuta hawezi kumaliza sentensi. Alilazwa siku tatu. Tangu hapo dada anaogopa mlango wa chumba kile ukifungwa, na gemu linafunga mlango kila jioni.

Tulipokuwa tunakula maandazi nikamuuliza kijana: rubani akipata shida angani anafanyaje?

Akaeleza kwa mdomo uliojaa. Kuna ngazi mbili. Shida inayohitaji msaada lakini bado hujawa hatarini kupoteza maisha, unasema “pan-pan” mara tatu. Ukiwa hatarini, unasema “mayday” mara tatu, neno lililotokana na Kifaransa cha “nisaidie”. Unaweza pia kuweka nambari 7700 kwenye kifaa cha ndege, na mnara ukaona kwenye rada kuwa una dharura. Mnara hauwezi kukisia. Lazima utaje neno lenyewe.

“Na usipotaja?”

“Watakupanga foleni kama wengine,” alisema.

Ndivyo ilivyotokea kweli. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca, safari namba 52, ilitoka Colombia kwenda New York. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, ikazungushwa angani mara tatu ikisubiri zamu, jumla zaidi ya saa nzima. Mafuta yalikuwa yanakwisha. Marubani waliomba wapewe kipaumbele, wakasema pia kwamba mafuta yanawaishia, lakini hawakutamka neno la dharura. Nahodha alimtaka msaidizi wake awaambie kuwa ni dharura, msaidizi akapeleka ujumbe uliopoa, kisha akamhakikishia nahodha kwamba amekwishasema. Wakati huo jaribio la kwanza la kutua lilikuwa limeshindikana. Kabla ya la pili injini zilizima, ndege ikaanguka Long Island. Kati ya watu 158 waliokuwemo, 73 walikufa. Wachunguzi wa Marekani waliandika kwamba kutotangaza dharura ya mafuta kulichangia ajali ile.

Kijana alikuwa anaijua habari hii vizuri kuliko mimi. Alipomaliza kuisimulia, mama yake akaweka kikombe chini na kumuuliza kwa sauti ya chini, “Sasa wewe mwanangu, mwaka jana ulikuwa na mafuta kiasi gani?”

Hakujibu. Aliangalia sahani yake kwa muda mrefu. Halafu akasema, “Niliona utasumbuka, kesho yake ulikuwa na kazi.”

Ndipo nilipoelewa kwamba watoto wengi wapole hawafichi ugonjwa kwa ukaidi. Wanatuonea huruma, au wanaogopa kelele zetu. Mtoto anayejua kwamba akisema anaumwa ataanza kwa kufokewa, “Si nilikwambia uvae sweta?”, atajifunza kusema niko sawa.

Tulichokubaliana mezani

Kompyuta haikuuzwa. Jioni ile tuliweka mambo machache, na nimeona niwape na ninyi. Hayahitaji kompyuta wala gemu.

Moja, maagizo muhimu yanarudiwa, na mzazi anarudia pia. Si kila agizo, mtachoshana. Yale tu yenye madhara yakikosewa: dawa, nauli, saa ya kurudi, nani atamchukua mdogo wake. “Nipitie kwa bibi saa kumi, nichukue funguo, nisivuke barabara kubwa peke yangu.” Na mtoto akikwambia jambo zito, mrudishie: “Umesema kifua kinabana tangu mchana.” Akikurekebisha, mshukuru.

Mbili, kosa linarekebishwa kama mnara unavyofanya. Sema “sivyo”, taja lililo sahihi, endelea. Mahubiri yanaweza kusubiri mpaka ndege itue.

Tatu, mna neno lenu la shida. Nyumba ile wamechagua “pan-pan” kwa sababu mtoto analipenda. Yenu inaweza kuwa neno lolote. Masharti ni mawili: mtoto halitumii kwa utani, na mzazi akilisikia anaacha anachofanya na kusikiliza kwanza, hata kama ni saa nane usiku, hata kama kosa ni la mtoto.

Nne, kwa wenye watoto wa pumu, mtoto ajue kutaja mambo manne: nini kinamsumbua, tangu saa ngapi, amepuliza dawa mara ngapi, na kama imemsaidia. Wewe jua dalili za kutosubiri: anashindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, ngozi kati ya mbavu inaingia ndani akivuta hewa, midomo au kucha zinabadilika rangi, au dawa ya kupuliza haimpi nafuu. Hapo ni hospitali moja kwa moja, huku ukiendelea kumpulizia kama daktari alivyokuelekeza.

Na tahadhari zake

Nisieleweke kwamba gemu hili ni dawa. Lina mambo ya kuangalia.

Kwanza, kule mtandaoni wapo watu wazima wasiojulikana. Mazungumzo ya redio ni ya wazi na yana mada moja, lakini mtu akimwandikia mtoto pembeni akitaka picha, namba ya simu au urafiki wa siri, mtoto akuambie. Kompyuta ikae mahali mnapopita. Ya dada imehamia sebuleni. Kama mtoto hajafikisha miaka 13, abaki na mwongoza ndege wa mashine.

Pili, usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Waongoza ndege wengi wa mtandao ule wako Ulaya, na jioni yao inapochangamka kwetu ni usiku. Safari inayoanza saa nne usiku kwetu itakwisha usiku wa manane. Pangeni saa ya mwisho ya kuondoka uwanjani, si saa ya kuzima. Mtoto aliye katikati ya safari ataomba dakika tano mara sita. Kumbuka pia kwamba kanuni za mtandao ule haziruhusu kuiacha ndege bila mtu kwa muda mrefu, kwa hiyo ukimtuma ghafla atalazimika kujitoa kwanza. Mpe dakika chache, siyo ubishi.

Tatu, masikio. Sauti ya hedifoni isizidi asilimia 60 ya mwisho wake. Kipimo rahisi: ukimwita kwa sauti ya kawaida ukiwa karibu naye, akusikie.

Wiki tatu baadaye

Usiku wa kuamkia Jumatano, saa saba kasoro, dada alisikia mlango wake ukigongwa.

“Mama, ni mimi. Pan-pan.” Akanyamaza kuvuta pumzi. “Kifua kinabana tangu saa nne. Nimepuliza kama daktari alivyosema. Imepungua kidogo, imerudi. Nataka twende hospitali.”

Dada anasema alikaa kitandani na jambo la kwanza lililomjia mdomoni lilikuwa, kwa nini hukusema saa nne? Akalimeza. Akawasha taa, akasema, “Tangu saa nne. Umepuliza. Imerudi. Tunakwenda.”

“Ndiyo,” kijana akasema.

Walikwenda na bajaji ya jirani. Aliwekewa dawa ya mvuke, akaangaliwa mpaka alfajiri, akaruhusiwa bila kulazwa. Saa moja asubuhi dada alinipigia simu. Nilidhani analia, kumbe anacheka kwa uchovu. Kijana alikuwa amelala mapajani mwake ndani ya bajaji, na juu yao ndege ya asubuhi ilikuwa inakuja kutua. Ilibidi tunyamaze kwanza mpaka ipite.

Mzazi mwenzangu, jioni ya leo mtoto akikwambia “sawa”, usiishie hapo. Muulize: “Nimesema nini?” Naye akikwambia jambo, mrudishie maneno yake. Kisha, kama ana gemu au kitu kinachomfungia chumbani, vuta stuli ukae naye dakika kumi kabla hujaamua lolote.

Tukutane wiki ijayo.